Nani Alipima Mimba Hii?

Munyiva, kwa Muchiri,
S.L.P. 1187,
Kinoo.

20 Julai, 2025.

Mpendwa Mama mdogo Syokau,

Nakusalimu kwa mikono miwili, mimi mwanao Munyiva, mke wa Muchiri. Bado naona raha kuandika maneno hayo, mke wa Muchiri, na nikimaliza barua hii huenda nikayaandika tena nyuma ya bahasha hata kama watu wa posta hawayahitaji. Hujambo? Goti lako linaendeleaje na zile ngazi za kazini? Mama yangu mzazi ameniambia joto limewabana huko Leicester mpaka wazee mnaowatunza wanalala madirisha yakiwa wazi. Na Nthiwa, mitihani yake iliisha salama? Mwambie dada yake anamkumbuka.

Huku kwetu ni baridi tupu. Wewe uliyezoea Machakos hungeiweza Julai ya Kinoo. Ukungu hauondoki mpaka karibu adhuhuri, nguo zinashinda kwenye kamba na kurudi ndani na maji yaleyale, na Muchiri ananivalisha soksi zake juu ya soksi zangu kisha ananicheka kwamba natembea kama bata.

Mimi sijambo sasa. Nilikuwa mgonjwa, tena sana. Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeisikia sauti yangu ukadhani nimekasirika. Sijakasirika. Ni kwamba nimekuwa kama mtu aliyeketi ndani ya gari lililofungwa vioo: naona watu wakisema, naona midomo, lakini sauti haifiki. Kwa kalamu ni rahisi zaidi.

Basi nianze na lile zito. Mama mdogo, hakuna mtoto. Najua mama mkwe wangu alikupigia simu ya picha akapiga vigelegele mpaka ukalia mbele ya wazee wa watu, na najua tayari unafuma blanketi la manjano. Usilifumue, lakini mtoto hayupo. Sikuharibu mimba, usiniombolezee hivyo. Hakuwapo tangu mwanzo. Kilichokuwapo ni ugonjwa uliokuwa umepanda mpaka kwenye figo, na kwa majuma kadhaa hakuna dawa iliyouweza. Nitakueleza yote.

Ila kwanza nikuambie habari za Muchiri, maana ndizo ninazoweza kusimulia bila kuchoka. Bado anauza miche na maua kando ya barabara kule Kitisuru, kwenye ule mteremko wenye miti mikubwa. Baada ya harusi alipata bugenvilia moja ya rangi ambayo hata yeye hakuijua, si nyekundu wala si chungwa. Mteja akashusha kioo cha gari akauliza inaitwaje. Muchiri, bila hata kukohoa, akasema, "Hii ni Munyiva, mama. Haipendi kivuli." Yule mama akachukua mbili. Sasa kuna watu Kitisuru wenye Munyiva kwenye kuta zao, nao wanapiga simu kuuliza Munyiva anywe maji mara ngapi. Mama mdogo, mwanamume wa namna hii ungemfanya nini? Mimi niliolewa naye.

Mambo yalianza wiki chache tu baada ya harusi. Mgongo ulikuwa ukiniuma upande mmoja, chini ya mbavu. Nilikuwa nikitapika asubuhi, na kule Spring Valley ninakofanya kazi ya kuoka mikate, harufu ya hamira ilinifukuza jikoni. Mwezi wangu ukapita bila kuja, na uliofuata pia. Nilikuwa pia nahisi moto nikienda haja ndogo, lakini hilo sikumwambia mtu. Niliona haya. Nilidhani ndivyo wake wapya wote wanavyokuwa, na kwamba hayasemwi.

Mama mkwe, Mama Wanjugu, tunakaa naye ploti moja. Alinikuta kwenye mfereji nikitapika. Akaiweka ndoo chini.

"Mwezi umekupita?"

Nikasema ndiyo.

Hakuniuliza kitu kingine. Alikamata kichwa changu kwa mikono yake yenye maji, akakitikisa, akasema, "Kibe! Kibe amerudi nyumbani!"

Unajua hawa watu wa mume wangu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba yake mume. Mzee Kibe alifariki kabla mimi sijaijua nyumba hii, na kati ya wajukuu wote hakuna aliyelibeba jina lake bado, maana dada zake Muchiri wamejaliwa wasichana watupu. Mama alikuwa amengoja harusi yetu kwa sababu hiyo zaidi ya keki. Nilitaka kununua kile kijiti cha kupimia kwenye duka la dawa. Alicheka mpaka akaikalia ndoo.

"Mimi nimezaa sita bila kijiti. Kijiti ya nini? Macho yangu ndio kijiti."

Tangu siku hiyo nililishwa. Uji mchachu asubuhi, njahi mchana, yale maharagwe meusi wanayowapikia wanawake wazazi hapa, supu ya mifupa jioni. Akina mama wa kanisa wakaanza kuniita Mama Kibe. Na yeye alikuwa akija kabla hajaenda shambani, anainama, anasema na tumbo langu. "Umeamkaje, mzee? Leo usimsumbue huyu msichana." Nikimwambia mgongo umezidi, anacheka. "Ni yeye. Hata akiwa hai hakuna mtu aliweza kumlaza upande mmoja." Muchiri alikuwa akisimama mlangoni anasikiliza mama yake akiongea na baba yake hivyo, na macho yake yanalowa. Ningewezaje kusema sijisikii vizuri? Nami nilikuwa nimeshampenda huyo mtoto. Nilikuwa nikilala nimemwekea mkono.

Dawa za maumivu alizitupa chooni. Mwanamke mwenye mimba, alisema, hamezi kitu. Homa ilipokuja na kunitetemesha aliniongezea blanketi.

Mwishowe Muchiri alinipeleka kwenye zahanati moja. Mama akaja nasi na ndiye aliyejibu maswali. Wakaandika mjamzito, wakanipa vidonge ambavyo wajawazito wanaruhusiwa. Nikavimaliza, homa ikabaki. Wakanipa vingine. Hivyo pia nikavimaliza, na siku moja nikaanguka kazini nikipanga mikate kwenye rafu. Mwajiri wangu, Debra, aliniingiza kwenye gari lake mwenyewe, nimejaa unga, akanipeleka kwa daktari wake Westlands. Muchiri alitufuata huko na viatu vya mpira na matope ya Kitisuru mpaka magotini. Mlinzi alimwangalia miguu. Muchiri akamwambia, "Niandikie hayo matope kwa bili, lakini nipite."

Huyo daktari anaitwa Nyakio. Ni mwanamke wa makamo, anaongea polepole. Alinigonga kidogo pale mgongoni nami nikaruka. Akasoma majina ya dawa nilizokwisha kumeza, akaweka kalamu chini.

"Hapa watu wamekuwa wakibahatisha. Mimi sitabahatisha tena. Tutawauliza hao wadudu wenyewe."

Alitueleza vizuri, na mimi nilielewa kwa sababu nilikuwa nikiipenda biolojia shuleni. Bakteria wa aina moja wanaweza kuwa wamezoea dawa fulani mpaka hawaiogopi tena, na huwezi kujua kwa kumtazama mgonjwa. Kwa hiyo maabara inachukua mkojo, inawaotesha bakteria waliomo kwenye sahani yenye chakula chao, kisha inawawekea dawa mbalimbali na kutazama ni ipi inayowashinda. Alitaka mkojo wa katikati, si wa mwanzo, na nijisafishe kwanza ili wasioteshe uchafu wa ngozi. Alinipa dawa ya kunishikilia kwa muda, akasema hatuwezi kungoja sana, kwa maana wakitoka kwenye figo wakaingia kwenye damu, mambo yatakuwa mengine.

Maabara yenyewe iko katikati ya mji, ghorofani, juu ya maduka ya simu. Tulirudi huko majibu yalipokuwa tayari. Mtaalamu wa pale, Ochola, ni mtu mrefu mwenye utani, na alipoona Muchiri anauliza maswali mengi alituletea sahani yenyewe upande wa pili wa kioo, imefunikwa, ameishika kwa glavu.

Ni kisahani kidogo cha plastiki. Ndani yake kulikuwa na utando mweupe mwepesi umeenea kote kama umande, na juu yake viduara vya karatasi vimepangwa kwa mzunguko. Kila karatasi ilikuwa na dawa yake. Karibu zote zilikuwa zimezungukwa na ule utando mpaka ukingoni.

"Hawa ni wakaidi, madam," Ochola akasema. "Hii ulimeza. Hii pia ulimeza. Wameinywa kama chai, wakaomba mandazi."

Kisha akaonyesha kwa kidole karatasi mbili ambazo pembeni yake palikuwa na duara safi, pasipo na kitu. Muchiri akasogea mpaka pua yake ikagusa kioo.

"Hapo wamekufa?"

"Hapo wameshindwa kumea."

"Kama kitalu kikimwagikiwa dawa ya magugu."

"Wewe ni mkulima?"

"Mimi ni mume yake," Muchiri akasema, na Ochola akacheka sana.

Muchiri alikuwa na furaha, Mama mdogo. Alinishika mkono akaufinya. Mimi nilikuwa nikiitazama ile sahani. Ochola alikuwa ametuambia kwamba wanaiweka usiku kucha ndani ya kabati lenye joto sawa na la mwili wa mtu. Nikawaza kwamba kule nyumbani Mama ananifunika ili mtoto apate joto, na huku wanakifunika hiki kipate joto, na vyote viwili vimetoka kwangu. Sikusikia huzuni. Sikusikia kitu. Nadhani ndipo vioo vilipoanza kufungwa.

Tulirudi kwa Daktari Nyakio na hayo majibu. Dawa moja kati ya zile mbili, alisema, inasafisha kibofu tu, haifiki kwenye figo inavyotakiwa. Ile nyingine ni sindano, kila siku, na hiyo ingenitibu. Lakini akasimama hapo, akalitazama faili langu.

"Umeandikwa mjamzito. Sindano hii inaweza kuharibu masikio ya mtoto tumboni. Ikiwa ni hivyo itabidi nikupeleke hospitali kubwa ulazwe, upewe dawa nyingine ya dripu, ambayo haikuwa kwenye ile sahani."

Nikamwambia sidungwi. Nilisema kwa sauti kubwa, mimi ambaye unanijua. Nilisema heri nibaki na homa yangu kuliko Kibe azaliwe asisikie. Muchiri akaanza kulia palepale kwenye kiti, maana alikuwa akiniona nikikauka na pia alikuwa akimtaka baba yake.

Daktari akaendelea kufungua kurasa, mbele na nyuma.

"Nani alipima mimba hii?"

Nilimtazama Muchiri, naye akanitazama. Sijui kwa nini ilituchukua muda mrefu hivyo.

"Mama," Muchiri akasema.

"Mama ni nesi?"

"Hapana. Mama ni mama tu."

Walinitoa damu, wakanipima pia kwa ile mashine wanayopitisha tumboni na kuangalia kwenye kioo. Daktari aliniambia akiwa ameketi karibu nami, si ng'ambo ya meza. Hakukuwa na mimba, na haikuwahi kuwapo. Mwili ukiumwa muda mrefu, tena umepungua hivyo, mwezi unaweza kusimama. Kutapika kulikuwa ni figo. Mgongo ulikuwa ni figo.

Kisha akasema, "Kwa hivyo hakuna kizuizi. Tunaweza kuanza sindano leo." Nesi akatabasamu. Muchiri akasema Mungu asifiwe, kisha akasikia alichosema, akafunika uso. Nami nikapanda kitandani nikageuka upande kama nilivyoambiwa.

Zile sindano zinasifika kwa kuuma. Mwanamume mmoja kabla yangu alikuwa amepiga kelele mpaka tukamcheka huko nje. Mimi sikusikia chochote. Nesi akaniuliza kama tayari nimezizoea. Siku ya pili, hivyohivyo. Homa ilikuwa ikishuka, niliweza kulala bila kutetemeka, mkojo ukaacha kuchoma, na kila mtu pale kliniki alikuwa akifurahi, na mimi nilikuwa nikishukuru kwa mdomo. Usinielewe vibaya, najua nimeponea. Lakini nilikuwa nikienda nyumbani na kuweka mkono palepale, kisha nakumbuka, kisha nauondoa. Mtu aliyefiwa huletewa chai na watu. Mimi sikujua niwaambie watu waje kwa ajili ya nani.

Mama tulikuwa hatujamwambia. Alikuwa bado anainama kila asubuhi. Nilikuwa nikisimama tu akimsalimia mume wake. Muchiri alisema yeye ndiye atakayesema, na Jumamosi ya juma lililopita akamchukua mpaka kule kwenye miche yake, akamkalisha kwenye kreti kati ya maua, akamwambia. Aliniambia Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Na huo uji wote?" Kisha akaanza kuchuma majani makavu kwenye vyungu, kimoja baada ya kingine, mpaka jioni, na Muchiri akamwacha.

Kesho yake, Jumapili, Mama alienda kanisani peke yake. Sijui kwa undani aliyoyasema kule, ila Wairimu wa jirani alinisimulia kwamba baada ya ibada Mama alisimama kwenye mkutano wa akina mama, wale wote waliokuwa wakiniita Mama Kibe, akawaambia: "Msimuulize huyo msichana kitu. Alikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa nikimpikia. Mwenye maswali aniulize mimi, na aniulize saa hii." Hakuna aliyeuliza. Mama mdogo, unajua akina mama wa kanisa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Jana asubuhi nikitoka kwenda kudungwa nilimkuta langoni amevaa koti lake la Jumapili na kitambaa kichwani. Hakusema neno na tumbo langu. Alisema, "Leo Muchiri aende kazi yake. Twende." Pale kliniki kulikuwa na nesi mgeni kwenye dirisha, akamtazama Mama, akanitazama mimi, na akaona tofauti zetu, maana Mama ni mweupe na mfupi na mimi unanijua.

"Mgonjwa ni nani yako, mama?"

"Ni mtoto wangu."

"Wa kuzaa?"

"Wewe andika mtoto. Anaitwa Munyiva. Na mumdunge polepole."

Nilipanda kitandani. Mama akaingia nami bila kuruhusiwa, akasimama upande wa kichwa changu, akanishika mkono kwa ile mikono yake migumu. Na Mama mdogo, siku hiyo sindano iliuma. Iliuma mpaka nikapiga kelele kuliko yule mwanamume, nikauma mkono wa koti lake la Jumapili, nikalia kwa sauti, nikalia mpaka nesi akaogopa. Mama hakuninyamazisha. Alisema tu, "Lia, mami. Lia, hiyo ni haki yako," na yeye mwenyewe alikuwa akilia.

Imebaki sindano moja. Baadaye Ochola ataotesha mkojo wangu tena, na daktari anaamini safari hii sahani itabaki safi.

Nisalimie Nthiwa sana, na binamu Kasyoki ukiongea naye kwa simu. Muchiri anakusalimu, na Mama Wanjugu amesema nikuandikie kwamba anakuomba radhi kwa vile vigelegele. Bwana akulinde katika ngazi hizo za kazini, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye, mwenye kuumwa mguu mmoja kwa sindano na kuusikia,

Munyiva, mke wa Muchiri.